Anayekaa barazani kwa mganga anaumwa nini?

Ni jambo lisilofichika kwamba katika vitongoji vya Tandale, Mwananyamala, Tandika na Mbagala, mgonjwa aliyekwisha kupita zahanati huonekana tena barazani kwa mganga, au kwa shehe anayesoma kisomo na kuandika kombe. Wapo wanaomcheka kwa ujinga wake. Wapo wanaomtetea kwa hoja kwamba hospitali haina dawa ya shetani. Sisi tunaona pande zote mbili zimehukumu kabla ya kuuliza mtu huyo anaumwa nini.

Walioliuliza swali hilo ni Mary Ngoma, Martin Prince na Anthony Mann, ambao mwaka 2003 walichapisha katika jarida la Uingereza la magonjwa ya akili utafiti walioufanya Dar es Salaam. Waliwahoji wagonjwa 178 wa zahanati na 176 wa waganga wa jadi, kwa maswali yale yale. Kwa waganga, asilimia 48 walikutwa na sonona, wasiwasi na maradhi mengine ya nafsi yaliyo ya kawaida. Katika zahanati walikuwa asilimia 24. (Na kwa wale wapendao kuwanyooshea Waislamu kidole kila waganga watajwapo, utafiti huo ulikuta kwamba Wakristo na wenye elimu zaidi ndio walioelekea huko zaidi.)

Mgonjwa wa namna hii hasemi kuwa ana sonona. Husema kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, usingizi haumjii. Mbele ya foleni ndefu hupimwa malaria, akapewa vidonge na kurudi nyumbani. Mganga humkalisha, akamuuliza habari za ndoa, za jirani, za deni na za marehemu.

Je, hupona? Utafiti ule haukupima hilo, ulihesabu waliokuwapo. Muhimbili imekuwa ikichunguza dawa za asili tangu mwaka 1974, lakini kisomo, ngoma na maneno ya faraja havichemshwi maabara. Hata hivyo hupimika. Mwaka 2010, huko Marekani, Ted Kaptchuk na wenzake waliwapa baadhi ya wagonjwa 80 wa tumbo vidonge visivyo na dawa, na wakawaambia hivyo waziwazi. Asilimia 59 ya waliovimeza walisema wamepata nafuu ya kutosha, dhidi ya asilimia 35 ya wasiopewa kitu.

Nafuu hiyo ni ya maumivu. Haiui vijidudu vya kifua kikuu wala haishushi sukari, na mtoto wa kifafa anayezungushwa kwa waganga mwaka mzima huweza kuanguka motoni ilhali dawa ya kumzuia ipo. Mafundisho ya Mtume (S.A.W.) yametuamuru tujitibu, na hatuoni vipi anayesoma kisomo avunje amri hiyo kwa kumkataza mtu hospitali.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ilileta Baraza la kuwasajili waganga. Usajili peke yake haumfundishi mganga ni dalili gani zinamtaka ampeleke mgonjwa hospitali, wala haumfundishi tabibu wa zahanati kuuliza habari za usingizi na huzuni. Haya mawili yawezekana. Mjini Tanga, tangu miaka ya 1990, waganga wa jadi na watumishi wa Hospitali ya Bombo walishirikiana kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI, maradhi mazito kuliko wasiwasi. Temeke na Kinondoni zina waganga na zahanati katika mtaa mmoja, wala hawajuani.