Tairi Kubwa Bila Kubadilisha Difu Ni Mekapu

Wanangu wa Ukunda na Diani, leo tutakosana. Hizi gari mnazofunga tairi za inchi 33 mkazipiga picha zikiwa zimenuna kama ng'ombe dume, mmezipunguzia nguvu mkidhani mmeziongezea.

Mimi niliacha chuo, lakini hesabu hii haitaki digrii. Difu ya 4.1 maana yake propela inazunguka mara 4.1 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Kampuni iliipigia hesabu na tairi iliyokuja na gari, tuseme inchi 29. Ukiweka 33 na difu ile ile, ni kama umeng'oa 4.1 ukaweka 3.6. Umelipa pesa nzuri kufanya injini iwe mvivu!

Mtu wa boda anayepandisha magunia Lukore analijua hili kuwashinda. Akitaka nguvu ya mlima anabadilisha sproketi: ya mbele iwe ndogo, au ya nyuma iwe kubwa. Anapoteza spidi kidogo, mzigo unapanda. Huwezi kumkuta akifunga tairi kubwa eti ndiyo apate nguvu.

Sasa toka Kombani upande Kwale, mji ulio karibu mita 400 juu ya bahari. Gari inakosa pumzi, unarudisha gia, klachi inanuka. Hiyo ni aibu tu. Hatari iko kwenye kushuka. Gia ya pili iliyokuwa inaishikilia gari sasa inaiachia, kwa hiyo kazi yote inaangukia breki. Na breki zenyewe zimedhoofika, maana tairi kubwa ina nguvu zaidi ya kushindana nazo. Zikichemka pale Golini, utakanyaga pedali na gari isikusikie.

Spidomita nayo inakudanganya. Ikisoma 80, wewe uko 91. Kwa gari ya watalii yenye spidi gavana, inayofaa kuishia 80, hilo si jambo la mchezo. Na hapa ndipo hasira yangu ilipo: anayechagua tairi ni bosi, anataka gari ipendeze kwa picha za wageni. Anayeteremka Golini na abiria saba ni dereva wa kuajiriwa, na likitokea la kutokea, ataulizwa yeye.

Najua mtasema, "Si tuko na low?" Low ni ya matope ya Kinango na mchanga wa Galu. Kwenye lami kavu, gari nyingi za 4x4 ukiziweka low, ekseli za mbele na nyuma zinapigana hadi kitu kivunjike.

Dawa ipo. Chukua tairi mpya, gawanya kwa ya zamani, zidisha kwa difu uliyo nayo. 33 gawanya kwa 29, mara 4.1, unapata 4.67. Kwa Toyota nyingi utapata gia za 4.56 au 4.88. Ukibeba watu na mizigo mlimani, chukua 4.88. Ukiishi kwenye lami ya kwenda Lunga Lunga, 4.56 inatosha. Humwamini fundi? Hesabu meno: 41 kwa 10 ni 4.1, na 39 kwa 8 ni 4.875, hiyo ndiyo 4.88.

Na usibadilishe difu ya nyuma peke yake kwa kubana pesa. Mbele na nyuma lazima ziwe sawa, la sivyo siku utakayoweka 4x4 utaokota vyuma barabarani.

Ni ghali? Ndiyo, difu mbili si bei ya chapati. Kama huna hizo pesa, baki na saizi ya kampuni, nunua tairi yenye meno mazuri, na ukifika mchangani punguza upepo. Tairi italala, itashika eneo kubwa, utatoka. Hautapata likes nyingi, lakini utafika Msambweni.

Kabla hujalipia tairi, muulize fundi swali moja: difu yangu ni ngapi? Akikujibu "hiyo haina maneno", chukua funguo zako uondoke.