Sayansi ya watoto wa Goma ianze na mazuku

Wiki iliyopita nilikaa nyuma ya darasa la mwaka wa nne wa msingi, katika shule moja ya upande wa magharibi wa mji, njia ya kwenda Sake. Watoto walikuwa wanne, hata watano kwa benchi moja. Wengi wametoka Masisi na Rutshuru kwa sababu ya vita, na usiku wanalala chini ya mabashi. Mwalimu aliandika kwenye tablo sentensi moja ya Kifaransa yenye maana kwamba gesi kaboniki ni nzito kuliko hewa. Watoto wakaisoma kwa sauti moja mara tatu, wakaiandika kwenye makaye, na somo la sayansi likaisha.

Niliwauliza kwa Kiswahili sentensi ile inasema nini. Kimya. Nikauliza: mazuku ni nini? Hapo mikono ikapanda. Mmoja akasema ni pepo za wafu. Mwingine akasema ni moshi wa volkano unaotembea usiku. Kijana mmoja wa kambini akamgeukia mwenzake akamuuliza polepole, "Mazuku ni kitu gani?" Neno lenyewe alikuwa hajalisikia, naye kila asubuhi anapita katikati ya mawe ya volkano akitafuta kuni.

Jibu lao lilikuwa limeandikwa pale kwenye tablo, na hakuna aliyelitambua.

Ndugu wasomaji na wasikilizaji, wenyeji wa Himbi, Keshero, Mugunga na Bulengo wanajua ninachosema. Mazuku ni gesi kaboniki inayopanda kutoka chini ya ardhi kupitia nyufa za mawe. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, haipandi juu kama moshi. Inakaa kwenye mabonde madogo na mashimo kama maji yanavyokaa kwenye beseni. Haina rangi, na huwezi kutegemea pua ikuambie. Usiku na alfajiri, kabla ya jua na upepo kuitawanya, ndipo inajaa zaidi. Mtu mzima anaweza kupita amesimama asione neno, na mbuzi aliye nyuma yake akaanguka. Mtoto akishuka kumfuata mbuzi, naye anaanguka. Baba akishuka kumfuata mtoto, mnajua yanayofuata.

Familia iliyotoka milima ya Masisi inajua mambo mengi kuhusu ng'ombe, mvua na udongo. Hili la mazuku hawakulihitaji kule. Wamefika hapa, wamepewa kipande cha ardhi, na pengine kibonde kinachokinga upepo kinaonekana ndicho pahali pazuri pa kusimamisha bashi. Nani amewaambia?

Kuna jambo linaloniumiza kidogo, mnisamehe. Wataalamu wa volkano wa Ulaya na Marekani wanapoandika kuhusu mashimo haya, wanaandika "mazuku". Wamechukua neno letu la hapa wakalitia katika sayansi yao. Sisi wenye neno tunawafundisha watoto wetu gesi ileile kwa sentensi ambayo hawaielewi, kana kwamba ni habari ya nchi nyingine.

Mwalimu mwingine ninayemfahamu amefanya tofauti, bila maabara na bila msaada wa shirika lolote. Alinunua Birere buji tatu, siki, ile ambayo wengi tunaita vinegre, na pakiti ya bikaboneti ya kuokea. Ndani ya beseni alipanga mawe kama ngazi, akasimamisha buji moja chini, moja katikati, moja juu, akaziwasha. Kisha akachanganya siki na bikaboneti chini ya beseni polepole. Mchanganyiko ukatoa povu, na hakuna mtoto aliyeona kitu kingine. Buji ya chini ikazimika. Baadaye kidogo ya katikati ikazimika. Ya juu ikaendelea kuwaka.

Akawauliza: kati ya buji hizi, mbuzi ni ipi? Mtoto ni ipi? Baba ni ipi? Darasa zima likapiga kelele. Baada ya hapo tu ndipo akaandika sentensi ya Kifaransa kwenye tablo, na safari hii kila mtoto alijua anaandika nini. Aliongeza onyo ambalo nami narudia: hakuna mtoto wa kwenda na buji shimoni kupima. Moto ukizimika mkononi mwako, umeshachelewa.

Wazazi wengine watanipinga. Wanasema mtihani wa taifa wa mwisho wa masomo ya msingi unafanyika kwa Kifaransa, na mtoto aliyezoezwa Kiswahili atashindwa. Hofu hiyo naielewa; nami pia nina watoto. Lakini sijasema Kifaransa kiondolewe. Nasema kitu kieleweke kwanza, kisha kipewe jina lake la Kifaransa. Katiba ya 2006 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na sheria ya elimu ya 2014 inaruhusu lugha za taifa darasani. Mwalimu anayeeleza kwa Kiswahili havunji sheria yoyote. Kwamba madarasa yamejaa tangu masomo ya msingi yawe bure mwaka 2019, na mshahara ni mdogo, ni kweli tupu, wala simwombi mwalimu anunue buji kwa mfuko wake. Kamati ya wazazi inaweza kuzinunua.

Tukumbuke pia Mei 2021. Nyiragongo ilitapika jioni ya tarehe 22, siku ya posho. Siku zilizofuata kuna watu waliokufa kwa hewa mbaya walipokatiza juu ya lava iliyokuwa bado ya moto. Tarehe 27 tukaamriwa kuhama kartie 10 kati ya 18, na mjini kila mtu alikuwa na habari yake kuhusu gesi ya ziwa: wengine wanasema ziwa litawaka, wengine ni uongo wa wakubwa. Ziwa Kivu lina gesi kaboniki nyingi sana chini kabisa, pamoja na methani. Gesi kaboniki ndiyo iliyotoka Ziwa Nyos, Kameruni, Agosti 21, 1986, ikaua watu karibu 1,700. Watoto waliokuwa mwaka wa pili ile Mei ni vijana sasa, na sidhani kama wengi wameelezwa hadi leo kwa nini tulikimbia.

Kwa hiyo ninawaomba madirekta wa mashule ya njia ya Sake: kabla ya mwisho wa mwezi, kila darasa lipate saa moja ya mazuku, kwa Kiswahili, na beseni mbele ya watoto. Wakaribisheni watu wa OVG, kituo chetu cha kuchunguza volkano. Kazi hiyo ni yao. Nanyi wazazi wa kambini, mkiona bondeni ndege, panya au wadudu wamekufa bila sababu, msishuke. Hamisheni pahali watoto wanapolala, mpande juu, kisha mwambieni chefu wa kartie siku hiyohiyo ili aweke alama.