Mpira Umeshikwa, Lakini Mguu Uko Wapi?



Mwezi huu nina barua ya baba mmoja, mfanyakazi wa mgodi. Jina lake nalificha, na kambi yake vilevile. Siku moja ya posho alikwenda na kijana wake kwa jirani mwenye parabole. Wakakuta mchezo wa Wamarekani, beisboli. Mpigaji akaupiga mpira juu sana, ukapinda kuelekea pembeni. Mchezaji akakimbia, akaudaka karibu na shimo la wachezaji, halafu akaanguka ndani ya shimo, mpira ukiwa bado mkononi. Mwamuzi akaonyesha ngumi: mpigaji ametoka. Kisha akainua mikono yote miwili, akamwambia mkimbiaji wa kituo cha tatu aende nyumbani. Pointi!

Baba akasema kwa nguvu: «Huyu arbitre amekula franga!» Kijana akajibu: «Hapana, baba, ni sheria.» Watu wakacheka. Baba akaona haya, akamfukuza kijana nyumbani mbele ya wageni. Sasa anauliza: «Mchungaji, nani alikuwa na haki? Tangu siku ile hatusemezani vizuri.»

Baba, nimesoma barua yako mara mbili. Tuanze na lile shimo.

Katika viwanja vingi vya Marekani, wachezaji wanaongoja zamu hawakai juu kama wabadala wetu wa mpira wa miguu. Wanakaa ndani ya kibanda kilichoshuka chini ya usawa wa uwanja, na hata jina lake la Kiingereza maana yake ni mahali palipochimbwa. Ninyi watu wa migodi hamuhitaji kufundishwa habari ya ukingo wa shimo. Anayesimama ukingoni bado yuko juu. Mguu ukiteremka, ni habari nyingine.

Sheria ya beisboli inasema hivyohivyo. Mchezaji anaruhusiwa kunyoosha mkono ndani ya shimo na kuudaka mpira humo. Lakini wakati anaudaka, mguu mmoja au yote miwili lazima iwe juu ya uwanja, au hewani juu ya uwanja, na hakuna mguu hata mmoja unaokanyaga chini ndani ya shimo. Ukingo wenyewe unahesabiwa kuwa uwanja. Zamani iliruhusiwa kuingia kabisa na kudaka humo ndani. Tangu mwaka 2007 ruhusa hiyo iliondolewa katika sheria za ligi kubwa.

Njo maana mwamuzi mzuri haangalii mpira peke yake. Yule anayesimama nyuma ya mdakaji anavua kinyago chake, anakimbia kufuata mpira, halafu anasimama kwanza, sababu macho ya mtu anayekimbia yanarukaruka. Anatafuta mahali atakapoona glavu na miguu pamoja. Sisi kwenye televisheni tunaangalia mkono tu, kisha tunamtukana.

Sasa, kudaka ni nini? Si kugusa, wala si kuufunga mpira ndani ya glavu kwa nukta moja. Mchezaji anapaswa kuushika imara, na kuukaa nao muda wa kutosha kuonyesha kwamba anautawala, na akiuacha, auache kwa kupenda mwenyewe. Akigonga ukuta au akianguka, mpira ukatoka kwa sababu ya kuanguka kule, hakudaka. Kama ulikuwa mpira wa nje ya mistari, basi unahesabiwa wa nje tu: mpigaji anarudi kupiga, wakimbiaji wanarudi vituoni mwao.

Kuna kifungu kimoja hapo ambacho kilinifurahisha sana. Mchezaji akiwa ukingoni mwa shimo, anataka kuanguka, watu waliomo ndani wanaweza kumshika asianguke, na akidaka, mpira ni halali. Na sheria inasema wachezaji wa timu yoyote, hata wa upande wa pili! Lakini watazamaji wa jukwaani ni mambo mengine. Anayenyoosha mkono kupita uzio hadi kwao, wakimnyang'anya mpira, asilalamike. Amekwenda huko kwa hatari yake mwenyewe.

Mwaka 1980, Oktoba 21, mjini Philadelphia, Phillies walikuwa wakicheza na Royals wa Kansas City, mchezo wa sita wa fainali yao kubwa. Zamu ya tisa, Phillies wako mbele 4 kwa 1, lakini vituo vyote vimejaa wakimbiaji na mpigaji mmoja tu ametoka. Frank White akapiga mpira juu, ukaenda karibu na shimo la Phillies. Bob Boone, mdakaji, akaufikia, ukaruka kutoka glavuni mwake! Pete Rose alikuwa palepale karibu naye, akaunyakua kabla haujagusa chini. Ulihesabiwa, maana mpira uliomgusa mchezaji wa ulinzi bado uko hewani mpaka uguse chini. Baadaye kidogo Phillies wakapata ubingwa wao wa kwanza.

Sasa tufike kwenye jambo lililokukasirisha, baba. Ulifikiri mwamuzi amejipinga mwenyewe: mpigaji ametoka, tena adui wanapewa pointi. Lakini ni maswali mawili, na kila moja lina jibu lake. Swali la kwanza: alidaka? Ndiyo, miguu yake haikuwa imekanyaga ndani, mpira ulikuwa imara, kwa hiyo mpigaji ametoka na hatarudi. Swali la pili: baada ya kudaka, alikwenda wapi? Aliingia shimoni na mpira. Hapo mpira umekufa. Ile mikono miwili juu ilikuwa kusema mchezo usimame. Na kila mkimbiaji anapewa kituo kimoja bila mtu kuweza kumtoa. Wa tatu anakwenda nyumbani, wa pili anakwenda wa tatu.

Kwa nini wapewe? Fikiri kidogo. Mchezaji aliye chini ya shimo, katikati ya viti na watu, atarushaje mpira kumzuia mkimbiaji? Na mkimbiaji naye, akimbie au angoje? Sheria inakata maneno: kituo kimoja, basi.

Lakini kama yule mpigaji ni wa tatu kutoka, zamu imekwisha, hakuna cha kumpa mtu. Hesabu hiyo wengi wanaisahau. Julai 1, 2004, mjini New York, Yankees na Red Sox wa Boston walikuwa 3 kwa 3 katika zamu ya 12. Red Sox wana wakimbiaji kituo cha pili na cha tatu, na wapigaji wawili wametoka. Trot Nixon akapiga mpira juu kushoto. Derek Jeter akakimbia, akaudaka, na kwa mbio zake akaruka kichwa mbele mpaka ndani ya viti vya watazamaji. Alitoka na damu usoni, mpira ukiwa mkononi. Watu wanasimulia ule ushujaa mpaka leo. Mimi nafikiri zaidi juu ya hesabu: angekuwa ametoka mmoja tu kabla yake, kuanguka kulekule kungewapa Red Sox pointi ya nne. Yankees walishinda 5 kwa 4 katika zamu ya 13.

Uliuliza tena kuhusu mpira unaorushwa vibaya ukaingia shimoni. Huo adhabu yake ni kubwa zaidi: vituo viwili. Tena havihesabiwi tangu mahali mkimbiaji alipo mpira unapoingia shimoni. Kama ni mchezaji wa ndani anayerusha mara ya kwanza baada ya mpigo, tunahesabu tangu mahali wakimbiaji walipokuwa wakati mrushaji alipotupa. Mara nyingine tunahesabu tangu mpira ulipomtoka mkononi yule aliyerusha. Bila kujua hivyo, utaona mwamuzi anagawa vituo kama mtu anayegawa karanga.

Kwa hiyo, baba, arbitre hakula franga ya mtu. Kijana wako alikuwa na haki. Alikujibu mbele ya watu, hilo lilikuuma, nafahamu, mimi pia nina vijana. Lakini alisema «baba» kwanza, na ulimfukuza mbele ya watu walewale. Kama jirani atafungua tena televisheni siku ya posho, muende wote wawili, na umwombe akae karibu nawe akueleze.