Mama, Mahakamani Nenda Wewe

Mtoto akikamatwa, sisi tunabaki jikoni tukilia, wanaume ndio wanaokwenda kituoni kuzungumza. Kwani nani kasema? Sheria ya Mtoto ya 2009 kule Bara (Zanzibar tuna yetu ya 2011) inataka kesi ya mtoto isikilizwe faragha, afisa ustawi wa jamii awepo, na mzazi au mlezi ana haki ya kuwepo. Haikusema baba peke yake! Kifungu cha 119 kinakataza kumhukumu mtoto kifungo. Lakini hakimu atajuaje hajafika miaka 18 ikiwa cheti cha kuzaliwa hukukichukua? Kifuatilie sasa hivi.

Nawe bibi harusi unayeingia nyumba yenye mtoto wa kambo, unamlea, basi usiseme "ana mama yake".

Serikali nayo isijitape kwa karatasi. Shule ya maadilisho iko Irambo, Mbeya. Mama wa Mbesa, mkoani Ruvuma, aliyeuza korosho zake debe kwa debe, atapata wapi nauli ya kwenda kumwona mwanawe?