Kazi ya Chakula Bora: Mukono, Sikio na Hesabu

Ninyi vijana munaomaliza masomo ya sekondari, wengi wenu munatamani kazi ya kompanyi tu. Si vibaya. Lakini mwezi huu ninataka muangalie kazi ingine, ile ya nutrisionisti, mutu anayechunga chakula cha watu. Usifikiri ni kupika tu. Mutoto anaweza kulala kila siku na tumbo limejaa bukari, na bado akakufa kwa kukosa chakula bora. Kazi hii iko na ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni mukono. Ukitoka masomoni, jua kwanza kupima. Kwa mutoto wa miezi 6 mpaka 59, mushipi wa rangi unazungushwa katikati ya mukono wa juu, upande wa kushoto. Chini ya milimita 115 ni nyekundu, hatari kubwa. Toka 115 mpaka chini ya 125 ni manjano. Ukiukaza sana, mutoto muzima anahesabiwa mugonjwa. Ukiulegeza, mugonjwa anarudishwa nyumbani. Kisha bonyeza kidole gumba juu ya miguu yote mbili kwa sekunde 3. Shimo likibaki kwa yote mbili, mutoto yuko katika hatari, hata mushipi ukionyesha kijani. Majirani watasema "amenona". Wewe usidanganyike.

Ngazi ya pili ni sikio. Katika miaka ya 1930, Daktari Cicely Williams alifanya kazi katika inchi inayoitwa leo Ghana. Aliwauliza wamama wa pale jina la ugonjwa wa watoto waliovimba. Wakamwambia: kwashiorkor, ugonjwa wa mutoto aliyeachishwa titi kwa sababu mwingine amekuja. Mwaka 1935 aliuandika kwa jina hilo. Sababu ilikuwa ndani ya jina! Basi, usimukaripie mama. Uliza nani anashika franga, nani anabaki na watoto. Pikeni pamoja vitu vya soko lake: maharagi, karanga, ndagala, sombe, lengalenga. Na ujue kuchagua: mutoto wa nyekundu anayekula vizuri, bila ugonjwa mwingine, anaweza kutunzwa nyumbani na dawa-chakula ya karanga, anayekataa kula anapelekwa hospitali siku ile ile.

Ngazi ya tatu ni hesabu ya wengi. Munajua konzo, ugonjwa unaopooza miguu kwa gafula. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938, toka Kwango. Unatokana na muhogo muchungu usiolowekwa vya kutosha. Mwaka 1992 Daktari Banea wa kwetu na wenzake walionyesha kwamba watu walikuwa wakipunguza siku za kuloweka. Biashara ya kupeleka muhogo Kinshasa iliwaharakisha. Hapo mushipi wa rangi hausaidii kitu. Inahitajika mukubwa wa kazi anayeuliza: kwa nini kijiji hiki, si kile? Kwetu pia, mashamba yakigeuka mashimo ya mine, mama ananunua kila kitu. Mukubwa huyo apeleke hesabu yake kwa chefu, kwa kompanyi na kwa zone ya afya, tena afundishe wanaomufuata.

Kijana, usiruke ngazi. Mutu asiyejua kupima milimita asiharakie meza ya mukubwa, maana hesabu yote ya juu inatoka kwa mukono wa yule wa chini.