Kucha Zetu Zinatibiwa kwa Kubahatisha

Tumechoka, sisi tunaokunja vidole tukivua viatu mlangoni mwa msikiti na kuvaa soksi hata joto la Dar es Salaam likipamba moto.

Ukienda duka la dawa, muuzaji anachungulia mara moja tu: “Fangasi hiyo.” Unapewa dawa ya kupaka. Ikishindikana, vidonge: griseofulvini, au terbinafini ya miligramu 250 kila siku kwa wiki 12. Tunalipa, tunameza, ini linabeba mzigo, na ukucha uko vilevile, mnene na wa manjano.

Hatuambiwi kwamba fangasi ni wa aina nyingi. Wengi wetu tuna Trichophyton, ambaye vidonge hivyo humweza. Lakini upo ukungu wa udongoni na kwenye miti: Scopulariopsis, Fusarium, na Neoscytalidium, ule unaokausha matawi ya miembe. Hapo griseofulvini ni kazi bure, na terbinafini mara nyingi haifui dafu.

Tukifika maabara, vituko vinaendelea. Chakula cha kuoteshea vimelea mara nyingi hutiwa dawa iitwayo sikloheksimaidi ili ukungu wa vumbini usivuruge kipimo. Dawa hiyo ndiyo huzuia ukungu unaotutafuna! Majibu: hakuna kilichoota. Ukiota pasipo dawa hiyo, tunaambiwa huenda ni vumbi tu, leteni sampuli nyingine. Kurudia kipimo kuna maana yake, hatukatai. Lakini nauli na ada nani anaturudishia?

Halafu kungoja. Ukucha wa dole gumba la mguu huota kama milimita 1.5 kwa mwezi, kwa hiyo hata dawa ikifanya kazi, mwaka mpaka mwaka na nusu hupita. Tungeelezwa mapema, tusingekimbilia siki na vitunguu saumu vya majirani.

Hatudai miujiza. Ukucha ukwanguliwe na kupimwa kabla ya vidonge, maana karibu nusu ya kucha zilizoharibika hazina fangasi kabisa. Nyingine zimeharibiwa na kiatu kinachobana. Ukungu ule wa udongoni na mitini ukithibitika, tuelezwe njia nyingine, kama kulainisha ukucha kwa yurea ya asilimia 40, kuuondoa, kisha kupaka dawa panapostahili. Na wenye kisukari watangulie foleni: kwao kidonda kidogo kando ya ukucha kinaweza kuishia kwa kukatwa mguu.