Mbao Safi, Mizani Chafu



Kumezuka wataalamu wanaotuambia kwamba dawa ya biashara ya mbao ngumu za Afrika ni kuongeza ukaguzi wa ubora bandarini. Waajiriwe wapimaji, wasema, zinunuliwe mashine za kupimia unyevu, na mapato yatapanda yenyewe. Siasa zikae kando. Twaipinga hoja hiyo, na twaipinga kwa ushahidi.

Kwanza tukubali lililo kweli. Mnunuzi wa ng'ambo ana haki ya kupata alicholipia. Ubao wa mninga au mkongo hukaguliwa pande zote: vifundo, nyufa za ncha, matundu ya wadudu, kupinda, na ile sehemu nyeupe ya nje isiyofaa kuachwa pamoja na kiini. Mbao za samani zilizokaushwa kwa tanuri hutakiwa kuwa na unyevu wa asilimia 8 hadi 12 hivi, kwani zikizidi hapo huja kupinda nyumbani kwa mteja. Mpingo una masharti makali zaidi. Kipande cha kutengenezea klarineti hupakwa nta kwenye ncha ili kisipasuke, na kikionekana na ufa mwembamba kama unywele hukataliwa. Kazi hii yataka jicho kali, na Waafrika wenye jicho hilo wapo.

Basi jicho hilo lilikuwa wapi kusini mwa Tanzania? Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na malori yakapata njia nyepesi ya kuifikia misitu ya Kilwa na Lindi. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, lilitoa taarifa juu ya yaliyofuata. Uchina ilikuwa imeandika katika vitabu vyake mbao za Tanzania mara kumi ya zile ambazo Tanzania yenyewe iliandika kuwa imeuza huko. Mapato yaliyopotea, ya wilaya na ya serikali kuu, yalifikia hadi asilimia 96 ya yaliyopasa kukusanywa. Vijiji vingine vilipata takriban sehemu moja ya mia ya bei ya kuuzia nje.

Mara kumi, ndugu zangu! Mkaguzi aonaye tundu la mdudu lenye upana wa sindano hakuona mizigo tisa katika kila kumi. Aliiona, tusidanganyane.

Hila zenyewe hazihitaji elimu kubwa. Ada ya serikali hutozwa kwa aina ya mti na kwa ujazo wake. Mti wa thamani ukiandikwa kwa jina la mti hafifu, ada hushuka. Gogo likipimwa kwenye ncha iliyo nyembamba, ujazo hupungua. Mbao za daraja la kwanza zikiandikwa katika ankara kuwa za daraja la tatu, bei hushuka katika karatasi peke yake, na tofauti hulipwa kimya kimya katika akaunti iliyo mbali na macho yetu. Kwa hiyo kile kitabu cha madaraja, ambacho wataalamu wetu wakiona kuwa ni kinga, chaweza kuwa ndicho chombo chenyewe cha wizi. Waumini waliomsoma Nabii Amosi wanawafahamu wafanyabiashara wa namna hii tangu zamani.

Wala sisi Wakenya tusiseme kwamba hayo ni ya jirani. Mwezi wa Mei 2014 makontena 34 ya mbao nyekundu za Madagaska, za jamii moja na mpingo, yalikamatwa katika bandari ya Mombasa. Madagaska ilikuwa imekwisha kupiga marufuku kuuzwa nje kwa mbao hizo. Hakuna aliyelalamika kwamba zilikuwa mbovu. Zilikuwa nzuri mno, ndiyo maana zilikatwa. Mashine ya unyevu ingezipitisha zote!

Watauliza, je, kuna njia nyingine? Ipo, na imejaribiwa huko huko Kilwa. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 iliruhusu vijiji kumiliki misitu yao, na mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vikapata cheti cha Forest Stewardship Council. Katika mpango huo kijiji hukadiria kiasi cha kukata, hupima, na ada huingia katika mfuko wa kijiji. Mpimaji anapoishi miongoni mwa wenye mti, ncha nyembamba haimfai kitu.

Kwa hiyo madai yetu si mashine. Twadai mpimaji asilipwe na yule anayeuza. Twadai hesabu za bandari za Mombasa na Dar es Salaam zilinganishwe kila mwaka na hesabu za nchi zinazonunua, na matokeo yachapishwe magazetini. Twadai kitabu cha mpimaji, chenye jina la mti, ujazo, daraja na bei, kibandikwe ukutani pa ofisi ya kijiji ulikokatwa mti, na nakala ipewe kamati ya haki na amani ya kila parokia itakayoiomba. Ofisa atakayekataa kukifungua kitabu hicho na aulizwe hadharani, mbele ya watu na mbele ya waandishi wa habari, anamfichia nani.